Usingizi wa Saa Kumi na Nusu

Bwana, leo sikuja kuomba.
Nakwambia mapema, usije ukangoja.

Nimepanda ngazi sitini na mbili za kanisa,
theluji ikilia chini ya viatu kama mchele mbichi mdomoni.
Taebaek imelala. Milima imejifunika hadi kidevuni.
Kengele haipigwi siku hizi, majirani walilalamika;
kila mmoja huamshwa na simu yake chini ya mto
na kuja peke yake, gizani, na deni lake la machozi.

Nyumbani nimeacha kabichi arobaini ndani ya chumvi
kwenye beseni la kuogea, hakuna atakayeoga hadi kesho;
nimemwacha Seo-ryeong, homa imemshuka saa nane;
na kaka yake, Tae-gyeom, kijana wa miaka kumi na mmoja
ambaye soksi zake zina macho, humwona mama tu;
na mama mkwe anayehesabu vidonge kwa sauti
ili nisikie kwamba kimoja kimepungua.
Mume yuko barabarani na lori, upande wa Busan.
Sinung'uniki. Nahesabu tu, kama mama mkwe.

Karatasi yangu unaijua.
Miaka mitatu nimeileta ndani ya jalada la Biblia,
imechakaa mikunjoni, namba moja hadi kumi na saba,
nami huisoma mbio mbio kama mtu wa forodhani
akikagua mizigo ya wengine.

Leo nimekaa nyuma, pale bomba la moto linapopita chini ya sakafu.
Mchungaji akasema, "Tuombe," na wote wakaanza kwa pamoja,
kila mtu na lake, kwa sauti,
kama treni ya makaa ya zamani ikivuka daraja.
Nikainamisha kichwa. Paji likagusa mbao.
Mbao zilikuwa na joto.

Basi.

Sikuota malaika. Sikuota chochote.
Nilizama kama jiwe lililochoka kurushwa.

Yule nabii aliyekimbia nyikani akaomba afe,
hakuulizwa kwanza imani yake imekwenda wapi.
Aliachwa alale. Akaokewa mkate.
Akala, akalala tena.
Sijui kwa nini nilidhani
huduma hiyo ni ya manabii pekee.

Nilipoamka kanisa lilikuwa tupu, dirisha limegeuka rangi ya maziwa,
na juu yangu koti zito lenye harufu ya vitunguu saumu na dawa ya viungo.
Shemasi Maeng Sun-rye!
Mwanamke aliyewahi kumkemea mchungaji kwa kupiga mwayo.
Alikuwa ameketi kando yangu bila koti, sweta limetoboka kiwiko,
miwani puani, karatasi yangu mkononi.

Nikaanza kuomba radhi. Akainua kidole.
"Ilianguka," akasema. "Nimekuombea yote.
Mwandiko wako mbaya.
Namba nne nimeshindwa kuisoma,
nimemwachia Mwenyewe aisome."

Kisha akanipa kiazi kitamu cha kuchoma,
kimefungwa gazetini, bado kinafuka,
akanitazama nikila, kama mtu anayelinda chungu kisimwagike.

Bwana, namba nne ndiyo yangu.
Zile nyingine zote ni za watu.
Niliiandika kwa herufi ndogo, nikaifuta kidogo,
nikaona aibu kukusumbua kwa jambo la mwili.

Sasa nateremka. Ngazi sitini na mbili.
Kabichi hazijajiosha. Soksi hazijajitafuta.
Mgongo bado unauma palepale.
Ila nina kiazi nusu mfukoni kwa Seo-ryeong,
na alama ya mbao usoni,
ambayo mama mkwe ataiuliza.

Nitamwambia nilikuwa kwenye maombi.
Kesho nitakuja tena.
Niwekee tu mahali pale, karibu na bomba.